Uvimbe wa Taya kwa Mtoto: Kinga ya Mwili Inapokosea Mshono

Mtoto akivimba shavu au taya, wazazi wengi hufikiri kwanza kwamba ni jino, na mara nyingi huwa ni jino kweli. Lakini katika kaunti zetu zinazopakana na Ziwa Victoria, na pia katika kaunti za Pwani, uvimbe wa taya kwa mtoto unaweza kuwa dalili ya saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Saratani hii ni miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi zaidi kwa binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Hata hivyo, ni saratani inayosikia dawa vizuri sana. Mtoto anayefikishwa hospitalini mapema na kumaliza matibabu ana nafasi nzuri ya kupona kabisa.

Familia zinapopata habari hizi huuliza maswali yaleyale. Ni nani amemwonea mtoto wetu? Ni chakula gani tulichomlisha? Je, ni ugonjwa wa ukoo? Katika makala haya tunaeleza chanzo cha ugonjwa huu hatua kwa hatua, kwa sababu mzazi anayeelewa kinachotokea mwilini mwa mtoto wake hapotezi wiki mbili akitafuta wa kumlaumu. Wiki mbili kwa ugonjwa huu ni muda mrefu sana.

Kinga ya mwili hufanya kazi vipi?

Damu yetu ina seli nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, na seli nyeupe zinazopigana na magonjwa. Miongoni mwa seli nyeupe kuna kundi linaloitwa seli B. Hizi huzaliwa ndani ya uboho, yaani ile sehemu laini iliyo ndani ya mifupa. Kisha huingia katika damu na kukaa kwenye wengu na kwenye tezi za shingoni, kwapani, kinenani na tumboni.

Kazi kubwa ya seli B ni kutengeneza kingamwili. Kingamwili ni protini ndogo sana zenye umbo kama herufi Y. Ncha zake mbili za juu hushika kijidudu cha ugonjwa kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya surua haiwezi kushika pepopunda, na ya pepopunda haiwezi kushika polio. Kila kijidudu kinahitaji ufunguo wake.

Hapa ndipo lilipo fumbo. Vijidudu ni vingi mno, na vingine huja vikiwa vipya kabisa, kama kirusi cha korona kilichojitokeza mwaka wa 2019. Binadamu ana jeni takribani 20,000 za kutengeneza protini. Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya seli, nayo huueleza mwili utengeneze nini. Kama kila kingamwili ingehitaji jeni yake, 20,000 zisingetosha hata kidogo. Mwili hupata wapi maagizo ya kingamwili za mamilioni?

Nguo nyingi kutoka kwa vitambaa vichache

Mfikirie fundi wa nguo pale sokoni. Hana nguo iliyokwisha kushonwa kwa kila mteja atakayefika. Ana vipande vya vitambaa, makasi na cherehani. Akichukua kipande kimoja cha mgongo, kimoja cha mkono na kimoja cha kola, hupata nguo moja. Akibadilisha mkono, hupata nyingine. Kwa vipande vichache anaweza kushona nguo za aina nyingi sana.

Seli B hufanya vivyo hivyo. Jeni za kingamwili zimehifadhiwa vipande vipande. Vipande vya sehemu kubwa ya kingamwili viko kwenye kromosomu namba 14. Kromosomu ni nyuzi ndefu za DNA zinazobeba jeni, na kila seli ya mwili huwa na jozi 23. Vipande hivyo vimepangwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, liitwalo V, lina vipande takribani 40 vinavyofanya kazi. Fungu la D lina takribani 23, na fungu la J lina 6.

Kila seli B changa huchagua kipande kimoja kutoka katika kila fungu. Hukata DNA yake, hutupa iliyo katikati, kisha huunga vile vipande vilivyochaguliwa. Ukizidisha 40 kwa 23 kwa 6, unapata machaguo 5,520. Sehemu ndogo ya kingamwili nayo hushonwa kwa njia hiyohiyo kutoka kwa vipande vilivyo kwenye kromosomu namba 2 au namba 22. Sehemu hizo mbili zikikutanishwa, machaguo hupita milioni moja. Tena, pale penye mshono seli huongeza au kupunguza herufi chache za DNA bila mpangilio maalum, na hapo idadi hupanda hadi mabilioni. Ndiyo maana mwili unaweza kukabiliana hata na kijidudu ambacho haujawahi kukutana nacho.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka wa 1976 na Susumu Tonegawa, mwanasayansi Mjapani aliyekuwa akifanya kazi mjini Basel, Uswisi, pamoja na mwenzake Nobumichi Hozumi. Walilinganisha DNA ya panya ambaye bado hajazaliwa na DNA ya seli za panya zinazotengeneza kingamwili. Kwa yule ambaye hajazaliwa, vipande vya jeni vilikuwa mbalimbali. Katika seli zinazotengeneza kingamwili, vilikuwa vimesogezwa pamoja. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba jeni za mtu hubaki vilevile katika kila seli tangu kutungwa mimba hadi kufa. Tonegawa alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1987 kwa kazi hiyo.

Fundi hurudi mezani mara ya pili

Seli B inapokutana na kijidudu kinacholingana na kingamwili yake, kazi huanza upya. Seli hiyo huingia katika sehemu maalum ndani ya tezi, ambayo tunaweza kuiita kituo cha mafunzo. Humo hugawanyika kwa kasi na kuzifanyia jeni zake za kingamwili marekebisho madogo madogo, ili kingamwili ishike kijidudu kwa nguvu zaidi. Kimeng'enya kinachofanya marekebisho hayo huitwa AID. Seli zinazotoka na kingamwili dhaifu hufa. Zile zilizo bora hubaki, na baadhi yake huishi miaka mingi zikiwa kumbukumbu ya ugonjwa huo.

Kazi hii ndiyo sababu mojawapo ya tezi za mtoto kuvimba anapougua koo. Ndiyo sababu pia chanjo anayopewa mtoto mchanga humlinda akiwa mkubwa.

Lakini kuna hatari ndani yake. Seli chache sana mwilini hukata DNA zao wenyewe kwa makusudi. Seli B hufanya hivyo mara ya kwanza ndani ya uboho, na mara ya pili ndani ya tezi. Kila mara makasi yanaposhikwa, upo uwezekano mdogo wa kukata pasipofaa.

Mshono unapokosewa

Kwenye kromosomu namba 8 kuna jeni iitwayo MYC. Si jeni mbaya. Kila mtu anayo, na kazi yake ni kuiamuru seli ikue na igawanyike inapohitajika, kisha hutulia. Katika limfoma ya Burkitt, kromosomu namba 8 hukatika karibu na MYC, na kipande hicho huungwa mahali pasipo pake. Kwa takribani wagonjwa 8 kati ya 10, MYC hujikuta kando ya jeni za kingamwili kwenye kromosomu namba 14. Kwa waliosalia, huungana na zile za kromosomu namba 2 au namba 22.

Msomaji atakumbuka kwamba namba 14, 2 na 22 ndizo kromosomu zenye vipande vya kingamwili. Kosa hutokea palepale ambapo makasi hufanya kazi.

Katika seli B, swichi ya jeni za kingamwili huwa imewashwa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya seli hiyo. MYC ikishonewa kando ya swichi hiyo, nayo huwaka bila kuzimika. Ni kama dereva aliyekanyaga mafuta kisha mguu ukakwama. Seli hugawanyika, na zinazozaliwa hugawanyika tena, zote zikiwa na kosa lilelile. Baada ya muda mfupi uvimbe huonekana.

Kosa hili hutokea katika seli moja, baada ya mtoto kuzaliwa. Halitoki kwa baba wala kwa mama. Halihusiani na chakula ulichompikia, wala na jicho la jirani.

Ugonjwa uliotambuliwa katika ukanda wetu

Mwaka wa 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda mfupi baadaye alikutana na mtoto mwingine mwenye hali hiyohiyo mjini Jinja. Alianza kuchunguza kumbukumbu za hospitali, na mwaka wa 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo.

Mwaka wa 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, safari ya majuma 10 na zaidi ya kilomita 15,000. Walizitembelea hospitali moja baada ya nyingine wakiuliza kama ugonjwa huo umeonekana hapo. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ulikuwa katika maeneo yenye joto na mvua nyingi, na ulikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Ilifanana na ramani ya maeneo yenye malaria nyingi.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti Anthony Epstein. Epstein aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka wa 1964, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba ndani ya seli za uvimbe huo wameona virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kutambuliwa kuwa vinahusika na saratani kwa binadamu.

Kenya nayo ilikuwa na sehemu yake. Daktari Peter Clifford, aliyewatibu wagonjwa wa saratani hii jijini Nairobi, alishirikiana na maabara ya George Klein mjini Stockholm, Uswidi, na vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka hapa. Ni katika maabara hiyo ambapo Manolov na Manolova, mtu na mkewe, waligundua mwaka wa 1972 kwamba seli za uvimbe huu zina kipande cha ziada kwenye kromosomu namba 14. Mwaka wa 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kwamba kipande hicho kilitoka kwenye kromosomu namba 8. Mwaka wa 1982, makundi ya watafiti nchini Marekani yalionyesha kwamba jeni iliyohamishwa ni MYC.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho ulimwengu unajua leo kuhusu jeni zinazohama na kuleta saratani ilianza kwa watoto wa Uganda na Kenya. Ni haki ya watoto wetu kunufaika nayo.

Malaria inaingiaje hapa?

Virusi vya Epstein-Barr huenezwa kwa mate. Watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wanavyo. Katika maeneo yetu watoto wengi huvipata kabla hawajatimiza miaka 3. Kwa karibu wote havileti shida yoyote, kwani hujificha ndani ya seli B na kunyamaza.

Malaria ikija mara kwa mara, hali hubadilika kwa njia tatu. Kwanza, vimelea vya malaria husisimua seli B kwa nguvu, na vituo vya mafunzo ndani ya tezi havipumziki. AID hufanya kazi bila kukoma, na DNA hukatwa mara nyingi zaidi. Pili, malaria ya kujirudia hudhoofisha askari wengine wa kinga ambao kazi yao ni kuvidhibiti virusi vya Epstein-Barr. Tatu, seli B iliyokosea mshono kwa kawaida hutambua kwamba imeharibika na kujiua, lakini virusi vilivyo ndani yake vinaweza kuizuia isife.

Mambo haya yakikutana katika seli moja, saratani huanza. Watoto wengi sana hupata malaria, na karibu wote hupata virusi hivi, lakini wanaopata saratani hii ni wachache mno. Kwa hiyo mtoto wako akipata malaria usiingiwe na hofu kwamba saratani inafuata. Mtibu malaria ipasavyo na uendelee kuizuia.

Mshono unaomsaidia daktari

Kule kukata na kuunga kunakoleta hatari ndiko pia kunakoipa maabara njia ya kuutambua ugonjwa. Kila seli B ina mshono wake, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Tezi ikivimba kwa sababu ya maambukizi ya kawaida, ndani yake mna seli B nyingi zenye mishono tofauti tofauti. Ikivimba kwa sababu ya saratani ya seli B, seli za uvimbe zina mshono mmoja, ishara kwamba zote zimetokana na seli moja iliyoharibika. Maabara zenye vifaa vya kusoma DNA huweza kuutambua mshono huo.

Njia hii hutumika pia katika saratani ya damu inayowapata watoto wengi, ambayo mara nyingi huanzia kwa seli B changa. Baada ya matibabu, wataalamu huutafuta mshono wa seli ya saratani katika uboho wa mtoto. Wanaweza kuigundua seli moja ya ugonjwa kati ya seli 10,000 au hata zaidi, muda mrefu kabla mtoto hajaonyesha dalili. Hivyo daktari hujua kama dawa iendelee au iongezwe nguvu.

Kwa watu wazima iko saratani iitwayo mieloma, ambayo hutokana na seli B zilizokomaa. Seli hizo humwaga kingamwili ya aina moja tu kwa wingi, na kipimo cha damu au mkojo huweza kuionyesha. Mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, mifupa inayovunjika kwa urahisi, upungufu wa damu na shida ya figo anafaa kumuuliza daktari kuhusu kipimo hicho. Tena, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI bila dawa wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani za seli B. Kumeza dawa za ARV kila siku hupunguza hatari hiyo.

Dalili za kuangalia kwa mtoto

Limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 10, na wavulana kuliko wasichana. Mpeleke mtoto hospitalini bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya:

- Uvimbe wa taya, shavu au uso unaoongezeka siku hadi siku, hata kama hauumi.
- Meno yanayolegea ghafla bila kuumia, hasa magego.
- Jicho moja linalosukumwa nje.
- Tumbo linalovimba haraka au donge ndani ya tumbo.
- Miguu inayokosa nguvu, au mtoto aliyekuwa akitembea kushindwa kutembea au kuzuia mkojo.
- Tezi zinazoendelea kuvimba baada ya kumaliza dawa za maambukizi, pamoja na homa, kutoka jasho usiku au kukonda.

Jino likilegea pamoja na uvimbe, usikubali ling'olewe tu kisha mtoto arudishwe nyumbani. Omba uvimbe wenyewe uchunguzwe.

Hospitalini kutafanyika nini?

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mweleze mhudumu uvimbe ulianza siku gani na umeongezeka kiasi gani. Akishuku ugonjwa huu atakupa barua ya rufaa. Watoto wenye saratani hutibiwa katika hospitali kubwa kama Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi.

Daktari atachukua sampuli ya uvimbe kwa sindano, au kukata kipande kidogo. Kipimo hiki hakisambazi saratani, ingawa wengi wana hofu hiyo. Chini ya hadubini, uvimbe wa Burkitt una sura ambayo wataalamu huifananisha na anga la usiku lenye nyota. Seli za saratani hukaa zimebanana na kuonekana nyeusi, na katikati yake mna seli nyeupe kubwa zinazosafisha zile zilizokufa. Mtoto atapimwa pia damu, VVU, uboho na maji ya uti wa mgongo, na tumbo lake kuangaliwa kwa mashine ya picha, ili ijulikane ugonjwa umefika wapi.

Tiba yake ni dawa za saratani, yaani tibakemikali, zinazotolewa kwa awamu. Nyingine hupitishwa kwenye mshipa wa damu na nyingine kwenye uti wa mgongo. Upasuaji mkubwa wa kuondoa taya hauhitajiki. Kwa kuwa seli za uvimbe hufa kwa wingi dawa zinapoanza, taka zake zinaweza kuziba figo. Ndiyo maana mtoto hulazwa, huongezewa maji mengi na kupimwa mkojo mara kwa mara. Nywele zinaweza kudondoka, lakini huota tena.

Hapa kuna jambo ambalo limegharimu maisha ya watoto wengi. Baada ya awamu ya kwanza, uvimbe unaweza kuyeyuka kabisa katika siku chache. Mzazi humwona mtoto amepona, anacheza na anakula, basi huamua kutorudi hospitalini. Lakini seli chache zilizobaki zisizoonekana kwa macho huanza kugawanyika tena, na safari hii dawa huwa na nguvu kidogo. Katika nchi tajiri, takribani watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na miongoni mwa sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kukatiza matibabu. Maliza awamu zote.

Maswali tunayoulizwa

Je, ugonjwa huu unaambukiza? Hapana. Mtoto anaweza kula, kulala na kucheza na ndugu zake. Darasani hahitaji kutengwa.

Je, dawa za kienyeji zinaweza kusaidia? Saratani hii hukua maradufu kwa siku chache, na kila siku inayopita bila dawa ya hospitali humpunguzia mtoto nafasi yake. Tunawaomba waganga wa kienyeji na wakunga wa jadi, ambao wengi wao huonwa kabla ya daktari, wamwelekeze hospitalini mara moja mtoto yeyote mwenye uvimbe wa taya au tumbo.

Gharama je? Bima ya afya ya SHA ina mpango wa kulipia matibabu ya saratani hadi kiwango kilichowekwa kwa mwaka. Familia hujisajili kwa kubonyeza *147# kwenye simu au kupitia kituo cha afya. Jisajili na ulipe mchango wako sasa, kabla mtu hajaugua. Hospitalini, omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii akueleze kuhusu malipo na malazi ya mzazi anayekaa na mtoto.

Tunawezaje kuzuia? Hakuna chanjo ya virusi vya Epstein-Barr kwa sasa. Kile tunachoweza kupunguza ni malaria. Mtoto alale ndani ya neti yenye dawa kila usiku, hata msimu wa kiangazi. Homa ipimwe ndani ya saa 24, na dawa za malaria zimalizwe. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mnamo Septemba 2019, hutolewa kuanzia umri wa miezi 6 katika kaunti zenye malaria nyingi. Hakikisha mtoto wako amepata dozi zote zilizoandikwa katika kitabu cha Mama na Mtoto.

Kabla hujaliweka jarida hili

Mwangalie mtoto wako kinywani na usoni leo. Ukiona uvimbe, nenda kituoni kesho asubuhi, usingoje siku ya soko wala mwisho wa mwezi. Kama ni mtoto wa jirani, mwambie mama yake kwa upole, na ikiwezekana mwandamane. Mhudumu wa afya ya jamii anayehudumia kijiji chenu anaweza kuwasaidia kupata rufaa. Mwalimu naye, akiona mwanafunzi aliyevimba taya, asiishie kumwandikia ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Amwite mzazi.

Seli moja ilikosea mshono mmoja, wala hakuna mtu wa kulaumiwa. Dawa ya kuirekebisha hali hiyo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi uvimbe ukiwa bado mdogo.